Dawa Itangulie Ugonjwa Mpakani

Tarehe 20 Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola wilayani Mubende. Kirusi kilikuwa cha aina ya Sudan, ambayo chanjo iliyozoeleka Congo haiikingi. Chanjo za majaribio za aina hiyo zilikuwepo duniani, ila zilikuwa mbali. Shehena ya kwanza, dozi 1,200, ilitua Entebbe tarehe 8 Desemba. Wiki moja na ushei kabla yake, tarehe 30 Novemba, mgonjwa wa mwisho alikuwa ameshatoka wodini na kurudi nyumbani. Chanjo ikafika, wa kuchanjwa hayupo. Watu 77 walikuwa wamekwisha kufa, ukiwahesabu waliothibitishwa pamoja na wale waliozikwa kabla ya kupimwa.

Miaka miwili na miezi kadhaa ikapita. Tarehe 30 Januari 2025 kirusi kilekile kikatangazwa tena, safari hii katikati ya Kampala. Aliyefariki alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago ambaye siku zake za mwisho alihangaika kutafuta tiba huku na huko, hadi Mbale, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kenya. Tarehe 3 Februari watu waliotangamana naye walianza kuchomwa chanjo. Jaribio lenyewe lilipewa jina la Kiswahili: Tokomeza.

Mara ya kwanza siku 79, mara ya pili siku 4. Nchi ni ileile, wizara ni ileile, na kirusi ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba dozi zaidi ya 2,000 zilikuwa zimeshalala kwenye majokofu ya Uganda zikisubiri, na utaratibu wa kuzitumia ulikuwa umeandaliwa wakati hakuna mgonjwa hata mmoja. Mlipuko wa 2025 ulifungwa rasmi tarehe 26 Aprili ukiwa na wagonjwa 14. Sisemi chanjo ndiyo iliyouzima, kwa sababu ufanisi wake bado unachunguzwa na kazi ya kuwafuata watu nyumba kwa nyumba ilikuwa kubwa mno. Ninachosema ni kwamba katika magonjwa yanayovuka mipaka, swali la nani atatusaidia huja baada ya swali jingine ambalo viongozi wetu wa Afrika Mashariki hawalijibu: siku ya kwanza ya mlipuko, dawa na vifaa vitakuwa wapi, na nani ana ruhusa ya kufungua ghala?

Rwanda ilijibu swali hilo vizuri kuliko wengi. Marburg, homa ya kirusi kilicho jamaa ya Ebola, ilipotangazwa tarehe 27 Septemba 2024, dozi 700 hivi za chanjo ya majaribio zilifika Kigali tarehe 5 Oktoba, na kesho yake uchanjaji ukaanza. Waliougua walikuwa 66 na waliofariki 15. Kwa ugonjwa ambao milipuko yake mingine imeua nusu ya wagonjwa au zaidi, hayo ni matokeo ya kuheshimiwa. Lakini tutazame waliougua ni akina nani: wengi wao walikuwa wahudumu wa afya. Waliambukizwa mwanzoni kabisa, kabla mtu yeyote hajajua jina la ugonjwa, wakimhudumia mgonjwa waliyedhani ana kitu cha kawaida. Pale hakuna chanjo ambayo ingewahi. Kinachowahi ni glavu, gauni, klorini na barakoa zilizopo wodini kila siku, hata siku ambayo hakuna habari ya mlipuko popote. Nimeona mijadala mingi ya maandalizi ikikimbilia chanjo na dawa za gharama, na kuviacha hivi vitu vidogo vikitajwa mwishoni. Muuguzi hufa kwa kukosa hivi vidogo.

Tena chanjo iliyoiwahi Kigali ilikuwepo kwa sababu serikali ya Marekani ilikuwa imegharamia utafiti wake kwa miaka. Tarehe 20 Januari 2025 mambo mawili yalitokea siku moja. Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, na shirika hilo likatoa dola milioni 3 kutoka mfuko wake wa dharura. Siku hiyohiyo, Washington, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuiondoa Marekani katika shirika hilo na nyingine ya kusimamisha misaada ya nje. Siku kumi baadaye Kampala ikatangaza Ebola. Sina haja ya kuongeza chumvi. Mfumo uliojengwa juu ya ukarimu wa nchi moja unaweza kuzimwa kwa kalamu moja, na sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika hatukuulizwa.

Sasa tutazame upande ambako mambo yalikwenda polepole. Kamituga ni mji wa wachimba dhahabu huko Kivu Kusini, mashariki ya Congo. Mwishoni mwa 2023 aina mpya ya homa ya nyani, mpox, ilianza kusambaa pale. Watu wa machimbo hawakai mahali pamoja; wachimbaji, wafanyabiashara na wanawake wanaotafuta riziki husafiri hadi Bukavu, Uvira na Bujumbura. Mwezi Julai 2024 ugonjwa ulikuwa umeshaingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya aligunduliwa Taveta, kwenye kituo cha pamoja cha forodha, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Safari moja ya mtu mmoja imegusa nchi nne za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa sababu ukivuka Taveta unaingia Holili, Tanzania.

Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ilitangaza dharura ya bara tarehe 13 Agosti 2024, na kesho yake Shirika la Afya Duniani likatangaza ya dunia. Dozi za kwanza, zipatazo 99,000, zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba, msaada wa Umoja wa Ulaya. Chanjo hiyo ilikuwa ikitumika Ulaya na Marekani tangu 2022. Congo, nchi iliyougua kuliko zote, ilikuwa haina. Sababu mojawapo ni ya makaratasi: mashirika yanayotununulia chanjo, kama Gavi na UNICEF, hutegemea idhini ya Shirika la Afya Duniani, na idhini ya awali ya chanjo hiyo ilitoka tarehe 13 Septemba 2024, yaani baada ya shehena ya kwanza kushafika. Kisha dozi zikakaa. Sindano ya kwanza ilichomwa Goma tarehe 5 Oktoba, mwezi mzima tangu ndege itue. Na hata hapo, chanjo ile haikuwa imeidhinishwa kwa watoto wadogo, ilhali watoto walikuwa sehemu kubwa ya wagonjwa na marehemu wa Congo. Ya watoto ilikuwa ikingojewa kutoka Japani.

Mwezi huo mmoja kati ya uwanja wa ndege na bega la mtu ndio unaoniumiza zaidi. Miezi ya kabla yake tunaweza kuwalaumu watengenezaji, wafadhili na taratibu za Geneva, makao ya Shirika la Afya Duniani. Huo mmoja ni wetu. Ni mwezi wa kutafuta majokofu, kufundisha wachanjaji, kupanga nani aanze, kusafirisha kutoka magharibi ya nchi hadi mashariki. Yote hayo yangeweza kufanywa wakati chanjo ikisubiriwa.

Tumewahi kujaribu kujiandaa. Mwezi Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya zoezi kubwa la dharura ya afya Namanga, pande zote mbili za mpaka, likihusisha mlipuko wa kubuni wa homa ya Bonde la Ufa. Madaktari, maofisa wa mifugo, uhamiaji na forodha wa Kenya na Tanzania walikaa pamoja na kuigiza siku ya mlipuko. Haukupita mwaka. Mwezi Mei 2020, Namanga hiyohiyo, malori yalikwama. Kenya ilifunga mpaka kwa abiria na kutaka kila dereva apimwe UVIKO, na vipimo vya upande mmoja vikawa havitambuliwi upande wa pili. Malaba, kati ya Kenya na Uganda, foleni ilikwenda makumi ya kilomita. Madereva na utingo wao walilala chini ya malori wakisubiri majibu ya vipimo kwa siku kadhaa, wakipika pembeni ya barabara, wakisongamana kwenye mstari wa kupimwa ugonjwa unaoenezwa na msongamano.

Ndani ya malori hayo kulikuwa na nini? Watu walizungumzia saruji na mafuta. Lakini Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Congo hupokea mizigo yao mingi kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na dawa ni sehemu ya mizigo hiyo. Ugomvi wa vyeti Malaba, baada ya wiki chache, ni rafu tupu za duka la dawa huko ndani bara. Zoezi la 2019 lilifundisha namna ya kumzuia mgonjwa asivuke. Laiti lingefundisha pia namna ya kuivusha dripu.

Kuna jambo sisi Watanzania tunapaswa kulisema wenyewe kabla hatujawanyooshea wengine kidole. Kuanzia mwisho wa Aprili 2020 serikali iliacha kutoa takwimu za UVIKO, na ukimya huo ulidumu zaidi ya mwaka. Anayeficha mgonjwa hawezi kuagiza dawa ya mgonjwa huyo, wala jirani hawezi kupanga akiba yake akizingatia mzigo ambao haujatajwa. Kenya ilipokea dozi zake za kwanza kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo za UVIKO, tarehe 3 Machi 2021, zaidi ya milioni moja. Tanzania ilipokea tarehe 24 Julai, karibu miezi mitano baadaye. Watu waliokufa katikati hapo hatuna hesabu yao, na hilo lenyewe ni sehemu ya msiba. Nchi imebadilika tangu hapo, na tangazo la Dodoma la 2025 ni ushahidi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya washukiwa wa Kagera tarehe 14 Januari, wizara ikasema vipimo havikuonyesha Marburg, na uthibitisho ukaja tarehe 20. Watu kumi waliougua katika mlipuko ule, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, walikufa wote.

Wengine watasema suala hili ni la dunia na litatatuliwa na dunia. Mkataba wa magonjwa ya mlipuko ulipitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025, na ndani yake watengenezaji watakaoshiriki wanatakiwa kulipatia Shirika la Afya Duniani asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vinavyozalishwa wakati wa janga, angalau nusu yake ikiwa msaada. Ni hatua njema, na wajumbe wa Afrika waliipigania kwa miaka mitatu. Ila kiambatisho kinachoeleza utaratibu wa kugawana kiliachwa kijadiliwe baadaye, na mkataba wote unahusu janga la dunia nzima. Marburg ya Biharamulo haitafika kiwango hicho kamwe. Hakuna kifungu cha Geneva kitakachofungua ghala kwa ajili ya kijiji kimoja cha Kagera.

Na tusisahau yaliyotokea siku za mwanzo za UVIKO. Machi 2020 Ufaransa ilitwaa barakoa zote zilizokuwa nchini mwake, Ujerumani ikazuia vifaa kinga kutoka nje ya nchi, wakati Italia, mwenzao katika Umoja wa Ulaya, ikiomba msaada. India ikawekea masharti usafirishaji wa malighafi na dawa kadhaa, parasetamo ikiwemo. Mwaka uliofuata, wimbi kubwa lilipoipiga India, chanjo za Serum Institute, kiwanda cha hukohuko, zilizokuwa zitufikie kupitia COVAX zilisimama. Siwalaumu Wahindi, walikuwa wanazika. Lakini funzo Ulaya walilichukua. Septemba 2021 walianzisha mamlaka ya dharura za afya iitwayo HERA, na mwaka 2022 wakapitisha sheria ya vitisho vya afya vinavyovuka mipaka, yenye kanuni za ununuzi wa pamoja. Hao ni watu wenye viwanda vya dawa. Sisi, bara linaloagiza karibu asilimia 99 ya chanjo zake, tuna sababu kubwa kuliko yao ya kuweka akiba.

Hapa ndipo napenda kuzungumzia hoja nzito kuliko zote dhidi ya ninachokipendekeza, yaani akiba ya pamoja ya dawa na vifaa karibu na mipaka yetu. Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Akiba ya dawa huoza. Kila kopo lina tarehe, kila kitendanishi kina miezi yake, na chanjo nyingine zinataka baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Waziri wa fedha akiambiwa anunue vifaa vya ugonjwa ambao huenda usije, anaona mbele yake picha ya maboksi yaliyopitwa na wakati yakichomwa moto na waandishi wa habari wakipiga picha. Hofu hiyo si ya kijinga.

Jibu lake wafamasia wanalijua: akiba izungushwe. Sehemu kubwa ya vinavyohitajika kwenye mlipuko hutumika kila siku hospitalini. Glavu, dripu za ringa, klorini, sabuni, kanula, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Ghala la dharura likipokea shehena mpya, ile ya zamani inatoka kwenda hospitali za mikoa ikiwa bado ina miezi sita au minane ya matumizi. Hakuna kinachochomwa, na kiasi kile kile kipo ghalani wakati wote. Vitu vichache visivyozunguka, kama chanjo za Ebola na gauni za kujifunika mwili mzima, ndivyo vitakavyobeba hasara. Hiyo hasara tuikubali kama tunavyokubali gharama ya gari la zimamoto lililoegeshwa.

Mahali je? Tusijenge jumba jipya Arusha. Michango ya nchi wanachama kwenye Jumuiya huchelewa kila mwaka, na ghala linalotegemea michango hiyo litafungwa kabla ya kufunguliwa. Kila nchi ina bohari yake: MSD Tanzania, KEMSA Kenya, NMS Uganda, na nyingine kama hizo Rwanda na Burundi. Kila bohari itenge kiasi kidogo kinachojulikana, kikae kwenye tawi lililo karibu na mpaka badala ya makao makuu, na kiwe na mhuri wa Jumuiya. MSD tayari ilichaguliwa kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, hivyo uzoefu haupo mbali. Nchi za Amerika ya Kusini na Karibi zimenunua chanjo kwa mfuko mmoja tangu miaka ya 1970, na miongoni mwao zipo zilizowahi kupigana vita. Oman na majirani zake wa Ghuba hununua dawa nyingi kwa zabuni moja.

Ununuzi wa pamoja una faida nyingine ambayo Wakenya wataielewa haraka. Mwaka 2020 ukaguzi maalumu wa serikali yao ulikuta mabilioni ya shilingi yametumika bila kufuata taratibu katika ununuzi wa vifaa vya UVIKO. Dharura ni msimu wa wezi, kwa kuwa bei haziulizwi. Bei iliyokubaliwa na nchi nane wakati wa utulivu, na kutangazwa hadharani, ni ngumu kuchezewa usiku wa manane.

Kinachobaki ni kibali, na hapo ndipo nitakapobishana na wanaotetea mamlaka ya kila nchi. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ilikuwa ya kwanza Afrika, Desemba 2018, kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu, yaani usimamizi wa dawa ulio imara, kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Rwanda ilifika hapo Desemba 2024, na Wakala wa Dawa wa Afrika umewekwa Kigali. Nchi za Jumuiya zilianza kazi ya kuoanisha usajili wa dawa tangu 2012. Baada ya miaka yote hiyo, kwa nini dawa ya dharura iliyokubaliwa na mamlaka moja yenye ngazi hiyo isitambuliwe na nyingine ndani ya saa 24, kwa muda wa mlipuko tu? Kwa nini ofisa wa forodha wa mpaka wa Rusumo au Mutukula alazimike kupiga simu makao makuu kuuliza kama katoni za gauni zinalipiwa ushuru? Waraka wa ukurasa mmoja ungemaliza hilo, na hauhitaji mfadhili.

Nimejifunza pia kutoweka matumaini yote kwenye mji mkuu. Ebola ilipotangazwa Bulape, jimbo la Kasai, tarehe 4 Septemba 2025, Congo ilikuwa na dozi 2,000 tayari Kinshasa. Maandalizi mazuri. Lakini Bulape ni safari ya siku nzima au zaidi kwa gari hata ukianzia Tshikapa, makao ya jimbo. Uchanjaji ulianza siku kumi baada ya tangazo, kwa dozi 400 za mwanzo, na mpaka mlipuko unafungwa tarehe 1 Desemba watu 45 kati ya 64 walikuwa wamefariki. Kinshasa ilikuwa karibu na Bulape kwenye ramani ya Geneva tu.

Mwaka 2020 Jumuiya iligawa maabara tisa zinazohamishika kwa nchi wanachama, na watu wengi walibeza. Marburg ya Biharamulo ilionekana kwanza kwenye maabara inayohamishika ya Kabaile, hukohuko Kagera, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Mkoa huo umepata Marburg mara mbili ndani ya miaka miwili, unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na sasa una uwezo wa kupima. Ghala la kwanza la akiba hii ningeliweka Bukoba. Orodha ya vilivyomo ningeibandika mlangoni na kuituma kwa simu kila Jumatatu kwa kila kituo cha afya, kwa Kiswahili, Biharamulo na Ngara na ng'ambo ya Mutukula, ili muuguzi wa zamu anayempokea mgonjwa mwenye homa na damu ajue, kabla hajamgusa, glavu zipo wapi na nani ataileta katoni usiku huohuo.